Tambi za nazi za Krismasi zisigeuke uji: jibu kwa dada wa Igoma

Dada mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, ameniandikia, nafupisha alivyosema. Krismasi hii wakwe wanakuja kula kwake, jumla watu 14 na watoto humo humo, pilau na kuku ameshajipanga, ila anataka kitu kitamu cha kumalizia mlo, kiwe chetu cha kupika nyumbani siyo keki ya kununua, na kisimchukulie muda maana anatoka kanisani mchana na wageni wanaingia nyuma yake. Hana oveni, ana gesi ya plate moja na jiko la mkaa. Tambi alishawahi kujaribu zikatoka uji, wifi zake wanamwambia tambi ni chakula cha Idd, halafu baba mkwe ana kisukari. Anauliza apike nini.

Pika tambi dada yangu. Tambi za nazi za kukaanga, zenye iliki na zabibu. Kwa hali uliyoieleza sioni kingine kinachokufaa zaidi, zinaiva ndani ya dakika 25 hivi, hazitaki oveni, hazitaki kuumuka, na zinakaa vizuri kwenye hotipoti watu wakiwa bado wanakula pilau. Kilichokuharibikia kule mwanzo kinajulikana na kina sababu zake, nitakuelezea nini kinatokea ndani ya sufuria ili ukisimama jikoni ujue unaangalia nini.

La wifi zako tulimalize kwanza. Ni kweli tambi tamu ni za Idd, pwani na Zanzibar huwezi kuongelea sikukuu bila tambi, lakini zinapikwa Krismasi pia na wala siyo jambo geni hapa Mwanza. Jirani Mwislamu akipika Idd anakuletea sahani imefunikwa, na wewe Krismasi unarudisha sahani haijaenda tupu, watoto wamekua wanakula hivyo hivyo pande zote mbili. Pika bila wasiwasi, nina uhakika wifi hao hao ndo watakuwa wa kwanza kuomba za kubeba.

Kwanini sikuambii keki, kwa sababu keki ya mkaa inawezekana kabisa, sufuria ndani ya sufuria na makaa juu, lakini inakula karibu saa nzima na inataka mtu wa kuiangalia makaa yasizidi, na hilo jiko ndo hilo hilo la pilau. Kaimati nazo tamu sana ila unga unataka kuumuka karibu saa, halafu zinatakiwa ziliwe za moto, maana yake wewe utakuwa umesimama kwenye mafuta wakati wenzako wamekaa mezani na mama mkwe anauliza mbona hukai. Visheti ni vya kupika siku mbili kabla ukaweka kwenye kopo, ukipata nafasi pika kwa ajili ya watoto, lakini hicho ni kitafunwa, siyo kitu cha kufungia mlo.

Haya, kununua. Dukani ukisema tambi unaweza kupewa hata spageti, na nadhani wengi ndo wanaanzia kukosea hapo. Unachotaka ni zile tambi nyembamba kabisa, zinauzwa zimekunjwa vifungu au zimenyooka fupi fupi, pakiti nyingi ni gramu 400. Spageti ni nene, inataka maji mengi ya kuchemshia na kumwaga, kwenye pishi hili itakusumbua tu. Kwenye baadhi ya maduka ya mjini, hasa yale ya Wahindi, utakuta pia tambi zimeshakaangwa kiwandani, zina rangi ya kahawia tayari, hizo siyo mbaya na zinakuokolea muda ila bado zipitishe kwenye mafuta dakika mbili zipate harufu. Kwa watu 14 chukua pakiti mbili. Ukipika pakiti moja watu watalamba sahani na siku yenyewe ni ya sikukuu.

Vingine unavyohitaji ni nazi mbili nzuri, sukari kikombe kimoja na nusu, mafuta na samli jumla vijiko saba vya chakula, iliki 15 hivi zenye maganda yake, chumvi nusu kijiko cha chai, zabibu kavu kiganja kimoja kilichojaa na korosho kiasi hicho hicho kama mfuko unaruhusu. Kikombe ninachosema ni cha mililita 250, lakini hata kama chako kina saizi nyingine siyo shida kubwa, shida ni pale unapopima tui kwa bilauri na sukari kwa kikombe cha chai, halafu kesho yake unasema resipi imenidanganya. Chagua kikombe kimoja upimie kila kitu.

Samli naisisitiza kwa sababu tuko Usukumani, ng'ombe wako kila upande, kuanzia Misungwi mpaka Magu, na samli ya kienyeji ukiulizia sokoni unaipata. Harufu yake ni kali kidogo na peke yake inaungua haraka, kwa hiyo nachanganya, vijiko vitatu samli na vinne mafuta ya kawaida ya alizeti. Hapo unapata harufu ya samli bila tambi kuonja maziwa yaliyoungua. Kama huipati tumia mafuta matupu, zitakuwa nzuri tu.

Nazi ndo inataka macho. Huku ziwani hatuna minazi ya maana, nazi zinasafiri kutoka pwani, zinakaa kwenye lori, zinakaa sokoni, na mwezi wa 12 kila mtu anazitaka kwa hiyo hata zilizozeeka zinatolewa stoo. Ukiwa soko la Kirumba au Mlango Mmoja usichukue tu kwa sababu ni kubwa. Ishike, iwe nzito kuliko unavyotegemea kwa saizi yake, itikise karibu na sikio usikie maji yanacheza vizuri, halafu geuza uangalie yale macho matatu, yawe makavu, yasiwe na unyevu wala ukungu. Ambayo haisikiki maji kabisa inaelekea kuwa mbata, yaani nazi iliyokauka, tui lake ni kidogo na lina ladha ya mafuta ya zamani. Nunua moja ya ziada kama uwezo upo, maana nazi hata uichague vipi kuna siku unaivunja unakuta imeoza na Krismasi hakuna muda wa kurudi sokoni. Ukishindwa kabisa tui la kopo au la unga la supamaketi linafaa, la kopo liongeze maji mpaka ufikie vipimo nitakavyokupa.

Kukamua, unatoa tui la aina mbili, zito na jepesi, na usichanganye. Ukishakuna nazi, weka maji ya uvuguvugu, siyo ya moto sana ya kukuchoma mkono na siyo ya baridi, kwa sababu mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 au 25 hivi, ukitumia maji ya baridi sehemu ya utamu inabaki kwenye machicha unaenda kuwapa kuku. Mkamuo wa kwanza maji kidogo, upate vikombe viwili vya tui zito. Weka pembeni. Mkamuo wa pili, wa tatu, upate vikombe vitatu na nusu vya tui jepesi. Jumla vitano na nusu kwa pakiti mbili. Ukipika pakiti moja siku nyingine ni vikombe vitatu, kimoja kizito viwili jepesi, na najua utauliza kwanini pakiti mbili siyo vikombe sita, ni kwa sababu sufuria ni moja na mfuniko ni mmoja, mvuke unaopotea hauzidishwi mara mbili eti kwa sababu tambi zimezidi. Hicho kinusu kikombe ukikiongeza kwa hesabu ya shuleni ndo kinachozilegeza.

Kama una blenda na umeme upo, katakata nazi usage na maji ya uvuguvugu kisha chuja kwa chujio la nguo, dakika tano imeisha. Umeme ukikatika una mbuzi ya kukunia nazi, usiiache ukutani bila kuisafisha tangu leo.

Sasa siri ya hili pishi kuwa la haraka iko tarehe 24 jioni. Kukaanga tambi ndo kazi inayokula muda na akili, na ndo kazi pekee ambayo unaweza kuifanya jana yake bila kupoteza chochote. Tambi ikishakaangwa ni kavu, ikipoa ukaiweka kwenye kopo lenye mfuniko mzuri haichachi, haihitaji friji, hata wiki inakaa. Nazi ndo usiikamue usiku kama huna friji, tui la usiku kucha kwenye joto la Mwanza asubuhi linakuwa limeshachacha.

Kwa hiyo jioni ya tarehe 24, watoto wakiwa wanahangaika na nguo za kanisani, wewe chukua sufuria pana yenye kitako kizito, vunja tambi ziwe na urefu wa kidole, usizisage kwa mikono zikawa vumbi maana lile vumbi ndo la kwanza kuungua na ndo la kwanza kugeuka gundi. Weka mafuta na samli, moto wa kati, mimina tambi, na hapo usiondoke. Mtoto akilia aitwe baba yake. Geuza kwa mwiko kutoka chini kuja juu mfululizo, dakika mbili tatu za mwanzo utaona hakuna kinachotokea, ukishawishika kuongeza moto usiongeze, kisha ghafla zile za chini zinaanza kubadilika na harufu inakuja, na kuanzia hapo mambo yanaenda mbio. Unataka zote ziwe na rangi ya asali, siyo nusu nyeupe nusu nyeusi. Sikiliza pia, zikianza kuiva mlio wake kwenye sufuria unabadilika, zinakuwa zinachakarika, nyepesi na kavu. Hapo epua na uzimwage kwenye sinia hapo hapo, usiziache ndani ya sufuria, kwa sababu kitako kina moto wake na kitaendelea kuzikaanga huku wewe unadhani umemaliza. Pakiti mbili ni vizuri ukaange kwa awamu mbili, sufuria ikijaa sana zingine zinafichwa na wenzake.

Nimekaa sana hapa kwa sababu hapa ndo uji unapozuilika. Tambi ni ngano, sehemu kubwa ni wanga, ukiitia mbichi kwenye kimiminika wanga wa juu unatoka unaingia kwenye tui na tui linakuwa zito la kunata, kila uzi unajishika na mwenzake, ukikoroga unavunjika na wanga mwingine unatoka, mwisho wake unaujua. Ukikaanga vizuri ule wanga wa juu unabadilika, unapoteza nguvu ya kunata, halafu mafuta yanaufunika kila uzi. Zikikutana na tui zinavimba kila mmoja kivyake. Wanaoogopa rangi wakaziepua zikiwa za njano kidogo tu wanapata uji hata kama vipimo vyao vyote ni sahihi, na mimi nadhani hicho ndo kilichokukuta, kwa jinsi ulivyoandika kwamba zilikuwa bado nyeupe.

Jioni hiyo hiyo twanga iliki. Menya maganda, twanga zile punje nyeusi pamoja na sukari kidogo zisikimbie kwenye kinu. Usinunue ya unga kama unaweza kuepuka, harufu ilishaondoka zamani. Osha zabibu uzikaushe. Ukitaka kitu cha kwetu zaidi, kwenye maduka ya mjini huwa inapatikana vanila ya Kagera, zile maganda ndefu nyeusi, pasua nusu ganda ukwangue mbegu uziingize kwenye tui zito. Siyo lazima. Ninachopenda zaidi mimi ni ganda la chungwa, na machungwa ya Ukerewe yanayoshuka na meli ya Nansio yanafaa sana, unakwangua lile gamba la nje tu kwa kikwaruzio chenye matundu madogo, kijiko kimoja cha chai kinatosha, ukifika kwenye weupe acha maana ule weupe ni uchungu.

Asubuhi ya Krismasi kabla ya kanisa kamua nazi kama una friji, kama huna vunja nazi tu, mtu mmoja akune mkirudi, ndo kazi ya wifi hiyo na inamfaa kwa sababu ataona mwenyewe tambi za Krismasi zinavyopikwa.

Ukishabadilisha nguo, mpangilio wa moto uwe hivi. Pilau iko kwenye mkaa, kuku ameshaiva. Tambi unaanzia kwenye gesi. Weka sufuria na zile tambi ulizokaanga jana, dakika mbili tu zipate joto tena, huku tui jepesi umeshalipasha pembeni liko la moto na umetia chumvi na nusu ya iliki. Liwe la moto kweli, hili usilipuuze, tui la baridi likiingia linazima kila kitu na tambi zinakaa zinaloana badala ya kuiva. Mimina taratibu huku umerudisha uso nyuma, sufuria itapiga kelele na mvuke utapanda. Geuza mara moja zote zilowe, funika, moto wa kati, dakika sita saba. Usifungue kila saa.

Kitu kidogo kuhusu dakika, resipi nyingi zinaandikwa na watu wa Dar na Zanzibar ambako maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Sisi ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo vitu vinachelewa kidogo kuiva. Kwa tambi tofauti ni dakika moja mbili, kwa maharage ndo utaiona vizuri. Ndo maana nakwambia usiangalie saa peke yake, angalia uzi.

Ukifungua utakuta tui limekauka juu na tambi zimelainika lakini bado zina kaugumu katikati. Chukua uzi mmoja uubonyeze kwa vidole viwili, ukiona kadoa keupe katikati uko sawa kabisa, ndo wakati wa sukari. Hapa kuna jambo watu wengi hawajawahi kuambiwa. Sukari inavuta maji kwake. Ukiitia mwanzoni pamoja na tui, inayagombania yale maji na tambi zinakaa ngumu, wewe unaona haziivi unaongeza maji, bado ngumu, unaongeza tena, zikija kuiva ndani zimeshasambaratika nje. Kwa hiyo sukari isubiri mpaka zimelainika. Na ikiingia usishtuke, itayeyuka na sufuria itaonekana imelowa tena, hiyo ni sukari yenyewe na itakauka.

Basi nyunyiza sukari, zabibu, ganda la chungwa, iliki iliyobaki, kisha mwagia tui zito juu. Tui zito linaingia mwisho kwa sababu likichemka kwa nguvu muda mrefu linakatika, mafuta yanakaa kivyake na maji kivyake. Geuza kwa uma mkubwa, unanyanyua kutoka chini siyo unakoroga. Mara mbili tatu tu. Kwa wakati huu pilau yako imeshaiva na imehamia kwenye hotipoti, na kwenye jiko la mkaa kumebaki makaa dhaifu ambayo mtu mwingine angeyamwagia maji. Hayo ndo ya tambi. Toa nusu uyaweke juu ya mfuniko, sufuria ya tambi ikae juu ya yale yaliyobaki, palia hivyo dakika nane mpaka kumi. Joto linatoka juu na chini, kidogo kidogo, hakuna cha kuungua na kila uzi unakunywa tui lake. Kwenye gesi peke yake inawezekana ila uishushe mwisho kabisa na uweke bati au kikaangio cha zamani chini ya sufuria.

Fungua, bonyeza uzi tena, ule weupe wa katikati uwe umepotea na uzi ukipondeka usinate kwenye vidole. Epua, nyunyiza korosho ulizozikaanga kidogo, acha dakika tano bila mfuniko mvuke wa ziada utoke, ndo uhamishie kwenye hotipoti. Ukifunika kwenye hotipoti zikiwa zinafuka bado, mvuke unarudi kama matone na juu zinalowa.

Ikitokea zimekauka na bado ngumu, nyunyizia maji ya moto vijiko vitatu vya chakula, siyo kikombe, funika dakika tatu. Ikitokea zimelowa, usikoroge hata kidogo, zimwage kwenye sinia pana, zitandaze, ziache dakika kumi feni ikiwaka au dirishani, zitajiachia zaidi kuliko unavyofikiri.

Baba mkwe sasa, na hapa naomba usikilize kwa makini kwa sababu watu wanafanya vitu kwa upendo vinamuumiza mgonjwa. Kumpikia tambi zisizo na sukari hakumalizi tatizo, tambi zenyewe ni ngano nyeupe na wanga wake ukifika mwilini unageuka sukari haraka tu. Kubadilisha sukari ukaweka asali pia siyo suluhisho, asali ni sukari na inapandisha vile vile. Na kumbuka kabla ya tambi ameshakula pilau, ambayo nayo ni wanga. Ninachokushauri, mtengee sehemu yake kabla hujatia sukari, iliyochanganywa na tui na iliki na zabibu chache sana, umwekee vijiko viwili vitatu tu kwenye kisahani kidogo ili na yeye awe ameshika kisahani kama wenzake, na pembeni umpe korosho na chungwa moja la kumenya, zima, siyo juisi yake, kwa sababu ukilikamua unabaki na maji matamu na nyuzi nyuzi zinazochelewesha sukari kuingia umezitupa. Pilau yake uipunguze na kachumbari uiongeze. Kipimo chake na dawa zake anavijua yeye na daktari wake, muulize mama mkwe mapema kwa simu, hatachukia, atafurahi umefikiria.

Kwa wengine, usipakue tambi peke yake. Mwezi wa 12 maembe yamejaa, kata embe vipande uweke pembeni ya kila sahani, embe lenye ukakasi kidogo ni bora kuliko lililoiva likalainika, ule uchachu unakata mafuta ya nazi na mtu anaweza kula tena. Watu wakishakula pilau ya nyama hawataki kitu kizito kingine, kwa hiyo sahani ndogo, kijiko kikubwa kimoja kimoja, anayetaka ataongeza.

Kama kuna mgeni hali ngano, na huwa wapo, usimwache hivi hivi. Chemsha matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, mpaka yalainike, kisha yachanganye na karanga zilizotwangwa na tui kidogo na chumvi. Hicho ni kitu cha Usukumani kabisa, hakitaki hata sukari maana kiazi kina yake, na wazee wataziacha tambi wakakimbilia hicho. Loweka tangu asubuhi kiive haraka.

Jambo la mwisho kuhusu mkaa, vuli bado inanyesha mwezi wa 12 na mkaa uliokaa nje unakuwa umeloa, unafuka tu moshi bila moto, kwa hiyo ingiza gunia ndani siku mbili kabla. Ila jiko lenyewe mvua ikinyesha msiliingize ndani mkafunga madirisha kwa sababu ya wageni, mkaa unaowaka unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi na inaua watu wakiwa wamekaa wanaongea. Liwe kibarazani chini ya bati, upepo unapita.

Tambi zikibaki usiziache mezani mpaka jioni, zina tui, kwenye joto letu ndani ya muda wa saa mbili hivi tangu kuiva ziwe zimeingia kwenye friji au ziwe zimegawiwa kwa majirani. Za kwenye friji asubuhi ya tarehe 26 zitakuwa zimekaza, zipashe kwenye sufuria na maziwa nusu kikombe, moto mdogo, umefunika, watoto wale na chai.